KUPIMA PASIPO KUKATISHA: KELELE NA UPOTOSHAJI KATIKA TELEVISHENI YA KEBO

Daktari atakaye kujua mwendo wa moyo wa mgonjwa hausimamishi moyo huo ili aukague. Huweka chombo chake cha kusikilizia kifuani, akausikiliza ukiwa katika kazi yake, na kutokana na sauti ndogo zilizo baina ya pigo na pigo akatambua kama mlango mmojawapo haufungi sawasawa. Jambo hili ni dhahiri kwa kila mtu, wala halihitaji kutetewa. Lakini katika fani ya televisheni ya kebo wahandisi walifanya kinyume chake kwa miaka mingi: walipotaka kujua ni kelele kiasi gani iliyojificha chini ya picha, waliizima picha.

Huenda msomaji akadhani kwamba hilo ni suala la mafundi peke yao. Sivyo. Kipimo kinachokatisha huduma hakiwezi kufanywa kila siku. Hufanywa mara chache, kwa saa aliyoichagua mwenye mtambo, na matokeo yake hubaki mikononi mwake. Mteja aliyelipa ada yake hubaki na macho yake tu kama ushahidi. Kwa hiyo swali la namna ya kupima ni swali pia la nani aujue ukweli wa huduma, na aujue lini. Makala haya yanaeleza jinsi wahandisi walivyojifunza kupima bila kukatisha, na yanatetea rai moja: kwamba kipimo cha namna hiyo, kwa kuwa sasa kinawezekana kwa gharama ndogo, hakina budi kuwa mali ya mtumiaji pia.

KELELE INATOKA WAPI?

Televisheni ya kebo ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1940, katika miji kama Astoria katika jimbo la Oregon na Mahanoy City katika Pennsylvania. Milima iliwazuia wakazi kupata mawimbi ya vituo vya mbali. Antena moja ilisimamishwa mahali pa juu, na ishara ikateremshwa majumbani kwa waya. Waya huo, uitwao koaksia, una uzi wa shaba katikati na ganda la madini kuuzunguka. Lakini waya hula ishara: kadiri unavyorefuka ndivyo ishara inavyofifia. Hivyo kila baada ya mita mia kadhaa huwekwa kikuzaji, yaani mtambo mdogo wa kuipa ishara nguvu upya. Nyumba iliyo mwisho wa mtaa yaweza kupokea picha iliyokwisha kupita katika vikuzaji ishirini au zaidi, kimoja baada ya kingine.

Hapo ndipo taabu inapoanza. Mwaka 1928 J. B. Johnson wa Bell Laboratories na Harry Nyquist walionyesha kwamba kila kikinza cha umeme chenye joto hutoa kelele. Elektroni zilizomo hazitulii; hutikiswa na joto, na mtikisiko huo huzaa volti ndogo zisizo na mpangilio. Nguvu ya kelele hiyo hupatikana kwa kuzidisha namba tatu: namba thabiti ya Boltzmann, joto lililohesabiwa kutoka sifuri halisi, na upana wa masafa yanayopimwa. Kwa joto la kawaida la chumba, upana wa megahezi 4, na mtambo wa omu 75, kelele hiyo ni kama mikrovolti 1.1. Hakuna fundi awezaye kuiondoa, maana ni sehemu ya maumbile yenyewe.

Mikrovolti moja ni kitu kidogo, lakini kikuzaji nacho huongeza kelele yake. Kikuzaji kinachozidisha nguvu ya kelele mara kumi huwa kama kimepokea mikrovolti 3.5 za kelele mlangoni mwake. Ishara ikiingia na milivolti 3.2, tofauti iliyopo ni ya mara 900 hivi kwa volti. Wahandisi huihesabu tofauti hii kwa desibeli, kipimo kinachotumia logarithimu: kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu, na kila desibeli 3 ni takriban mara mbili. Kwa hesabu hiyo tofauti hapo juu ni desibeli 59. Ni tofauti njema sana. Lakini vikuzaji vikiwa viwili vya namna moja, kelele huwa mara mbili, na tofauti hupungua kwa desibeli 3. Vikiwa ishirini, hubaki desibeli 46. Vikiwa arobaini, hubaki 43 tu.

Namba hiyo ya 43 ina historia. Tume ya Serikali Kuu ya Mawasiliano ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi FCC, iliporekebisha kanuni zake mwaka 1992, ilipanga kwamba ishara ya kila chaneli iizidi kelele kwa desibeli 36 kwanza, kisha 40 kuanzia mwaka 1993, na hatimaye 43 kuanzia mwaka 1995. Desibeli 43 maana yake nguvu ya ishara ni kama mara 20,000 ya nguvu ya kelele. Pungufu ya hapo, mtazamaji mwenye macho makali huanza kuziona chengachenga zikicheza juu ya picha.

UPOTOSHAJI, ADUI WA PILI

Kama kelele ingekuwa adui pekee, dawa ingekuwa nyepesi: kuongeza nguvu ya ishara. Lakini kikuzaji hakikuzi kwa uaminifu mkamilifu. Kikilemewa, hutoa vitu ambavyo havikuingizwa. Mawimbi mawili yakiingia pamoja, hutoka na jumla ya masafa yao na tofauti yake. Matatu yakiingia, hutoka michanganyiko mingine mingi. Huo ndio upotoshaji.

Chukuliwe mfano wa chaneli za Marekani zilizopangwa kwa nafasi ya megahezi 6. Wimbi chukuzi la picha la chaneli ya 7 liko kwenye megahezi 175.25, la 8 kwenye 181.25, na la 9 kwenye 187.25. Jumlisha la 8 na la 9, kisha utoe la 7. Jawabu ni 193.25, na hapo hasa ndipo lilipo wimbi chukuzi la chaneli ya 10. Mtambo wenye chaneli 60 au 70 una maelfu ya michanganyiko ya namna hiyo, na kwa kuwa nafasi baina ya chaneli ni sawasawa, mingi hurundikana juu ya mawimbi chukuzi ya chaneli zisizo na hatia. Huu ni upotoshaji wa mawimbi matatu.

Ule wa mawimbi mawili huangukia kando kidogo. Chaneli ya 2, iliyo kwenye 55.25, ikijumlishwa na ya 18, iliyo kwenye 145.25, hutoa 200.5. Wimbi chukuzi la chaneli ya 11 liko kwenye 199.25. Mchanganyiko huo basi umeingia ndani ya picha ya chaneli ya 11, megahezi 1.25 juu ya wimbi lake, nao huonekana kama mistari ya mshazari ipitayo kiooni. Kanuni zile za mwaka 1992 zilitaka aina zote mbili za upotoshaji ziwe chini ya wimbi chukuzi kwa desibeli 51 katika mitambo ya kawaida.

MIZANI YA FUNDI

Sasa itazamwe hali ya fundi aliyeitwa mwisho wa mtaa, penye kikuzaji cha arobaini. Mteja analalamika kwamba picha ina chengachenga. Kelele iko kwenye mpaka wa desibeli 43. Fundi ana bisibisi mkononi, na kishawishi chake ni kimoja: kuongeza nguvu ya ishara kwa desibeli 3 katika vikuzaji vyote. Akifanya hivyo, tofauti ya ishara na kelele hupanda hadi 46, na mteja hushukuru.

Lakini upotoshaji wa mawimbi matatu hauendi hatua kwa hatua na kelele. Kila desibeli moja inayoongezwa kwenye ishara hupunguza tofauti ya upotoshaji huo kwa desibeli 2. Tena hurundikana vibaya zaidi kuliko kelele katika safu ya vikuzaji: kila safu inaporefuka maradufu, hupotea desibeli 6 badala ya 3. Ikiwa kikuzaji kimoja kina tofauti ya desibeli 85, vikuzaji arobaini hubaki na 53, yaani ndani ya kanuni. Fundi akiongeza zile desibeli 3, namba hiyo hushuka hadi 47, na kanuni imekwisha kuvunjwa. Chengachenga zimeondoka kwa mteja mmoja, na upotoshaji umeingia kwa wateja mia.

Ndiyo maana fundi asiyepima ni kama mpishi atiaye chumvi bila kuonja. Kati ya kelele na upotoshaji kuna uwanja mwembamba wa desibeli chache tu, na kazi yote ya kutunza mtambo ni kubaki katika uwanja huo. Jicho halitoshi kuuona, hasa kwa kuwa mtambo haukai pale ulipoachwa.

KIPIMO KINACHOZIMA

Njia ya zamani ya kupima ilikuwa sahihi, na heshima yake haina budi kutunzwa. Fundi mmoja alikwenda mwisho wa mtandao na kichanganuzi cha masafa, chombo kionyeshacho nguvu iliyopo kwenye kila masafa. Alipima kwanza urefu wa wimbi chukuzi la chaneli. Kisha mwenzake aliyekuwa kituo kikuu aliizima chaneli hiyo. Kilichobaki kiooni mahali pale palipokuwa na wimbi ndiyo kelele na upotoshaji uliojificha chini yake. Baada ya kusoma, chaneli iliwashwa tena, na kazi ikahamia chaneli nyingine.

Kila mara palikuwa na watu majumbani ambao habari, mchezo au somo lao lilikatika ghafla. Kwa sababu hiyo kampuni nyingi zilifanya kazi hii kati ya usiku wa manane na alfajiri. Na hapa ndipo penye kasoro isiyosemwa sana. Saa hizo si saa za kawaida kwa mtambo. Waya wa koaksia hula ishara zaidi unapopata joto, kwa kadiri ya asilimia 0.2 kwa kila digrii moja ya sentigredi. Waya unaokula desibeli 20 kati ya kikuzaji na kikuzaji, ukipata joto la digrii 20 zaidi, hula desibeli 0.8 zaidi. Kwa vipande ishirini vya namna hiyo jumla ni desibeli 16, yaani nguvu ya ishara kupungua mara arobaini kama hakuna kinachorekebisha. Vikuzaji vingi vina virekebishi vya kujiendesha, lakini virekebishi navyo huchoka na kukosea. Hivyo kipimo cha saa tisa za usiku hupima mtandao uliopoa. Mteja huutazama mtandao wa saa tisa za alasiri. Ni mitandao miwili yenye anwani moja.

FCC ilikuwa na habari ya jambo hili, ndiyo sababu ilidai vipimo mara mbili kwa mwaka, kipindi cha baridi na kipindi cha joto. Mtambo wenye wateja wasiozidi 12,500 ulipimwa mahali sita, na sehemu moja ya tatu ya mahali hapo palipaswa kuwa miisho ya mbali. Ni utaratibu mzuri kuliko kutokuwa na utaratibu. Hata hivyo mahali sita mara mbili kwa mwaka ni picha kumi na mbili za mtandao unaofanya kazi saa 8,760.

MSTARI ULIOACHWA MTUPU

Ukombozi ulitokea katika umbo la picha yenyewe. Picha ya televisheni ya analojia ya Marekani ilichorwa kwa mistari 525, na ile iliyotumika Ulaya na Afrika Mashariki kwa mistari 625. Si mistari yote iliyoonekana. Kila mara kalamu ya umeme ilipofika chini ya kioo na kurudi juu, mistari kadhaa ilipita bila kuchora chochote. Baadhi ya mistari hiyo ilipewa kazi, kama kubeba maandishi au ishara za majaribio. Mmoja au miwili iliweza kuachwa mitupu kabisa.

Mstari mtupu ni kimya kilichopangwa. Picha haimo, lakini kelele imo, kwa kuwa kelele haingoji zamu. Mhandisi akiweza kukifungua chombo chake kwa muda wa mstari huo tu, na kukifunga kabla mstari wenye picha haujafika, ataipima kelele ndani ya chaneli ileile inayotazamwa, wala mtazamaji hatajua. Kufikia miaka ya 1990 vichanganuzi vya masafa vyenye mlango wa namna hiyo vilikuwa mikononi mwa mafundi wa kebo.

Subira inayotakiwa inastahili kuhesabiwa. Mstari wa Marekani huchukua mikrosekunde 63.5, na sehemu iliyo wazi ni kama 52. Mstari mmoja uliochaguliwa hurudi mara 30 hivi kwa sekunde. Katika dakika nzima basi chombo kinasikiliza kwa muda usiofika hata sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ni sawa na daktari yule: kimya kifupi baina ya pigo na pigo, kikikusanywa kwa uvumilivu, hutosha.

Upotoshaji wa mawimbi mawili nao ulinaswa kwa mstari huohuo, kwa sababu huangukia megahezi 1.25 kando ya wimbi chukuzi, mahali ambapo kwa kawaida picha huufunika. Picha ikinyamaza, hujitokeza. Ule wa mawimbi matatu ulibaki mkaidi. Hukaa juu ya wimbi chukuzi hasa, na wimbi hilo halizimwi hata kwenye mstari mtupu. Mafundi waliupima kwenye nafasi tupu ya chaneli ya jirani, wakikubali kwamba jirani si mwenyewe, au walirudia njia ya zamani kwa sekunde chache. Ni vema wanafunzi walijue hili, ili wasidhani kwamba kila tatizo la sayansi lina ufumbuzi mmoja mzuri.

Kuna mtego mwingine. Kelele iliyomo katika mstari mtupu haitoki kwenye mtandao peke yake. Nyingine ilikuja na programu kutoka studio au setilaiti. Dawa yake ni kupima mara mbili, kituo kikuu na mwisho wa mtaa, kisha kutoa. Lakini desibeli hazitolewi kama shilingi. Kituo kikuu kikiwa na tofauti ya desibeli 50, na mwisho wa mtaa 45, ni lazima kwanza kuzigeuza kuwa nguvu, kutoa nguvu kwa nguvu, kisha kurudi kwenye desibeli. Jawabu ni kwamba mtandao wenyewe una tofauti ya desibeli 46.7. Mwalimu atafutaye sababu ya kufundisha logarithimu amekwisha kuipata.

ZAMA ZA DIJITI NA UKINGO WA GENGE

Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya televisheni ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na miji mingine ya Afrika Mashariki ikafuata katika miaka iliyofuata. Wengi walioishi na chengachenga walifurahi kuona zimetoweka. Ni wachache waliotambua kwamba pamoja na chengachenga limetoweka onyo. Katika analojia ubaya uliongezeka polepole, na mtazamaji aliuona ukija. Katika dijiti picha hubaki safi mpaka kelele ifike kiwango fulani, kisha hugandamana na kukatika mara moja. Mtandao unaweza kukaa hatua moja kutoka ukingo wa genge kwa miezi, na kila atazamaye akausifu.

Hii ndiyo sababu kipimo kisichokatisha kina thamani kubwa zaidi leo kuliko wakati wa mstari mtupu. Na kwa bahati njema kimekuwa chepesi zaidi. Katika kebo ya dijiti, kila alama inayotumwa ni mithili ya mbegu inayotupwa katika mojawapo ya mashimo yaliyopangwa shambani: safu 8 za mashimo 8, yaani 64, au safu 16 za mashimo 16, yaani 256. Kipokezi hulijua kila shimo mahali pake. Mbegu zikianguka kando ya shimo, umbali wake ni kipimo cha uharibifu uliopatikana njiani, na kipimo hicho hupatikana kutoka katika programu yenyewe inayotazamwa. Hata umbo la mtawanyiko husema kitu. Kelele hutawanya mbegu kama wingu la mviringo kuzunguka shimo. Wimbi moja la kigeni huzipanga kama pete. Kikuzaji kilicholemewa huyavuta mashimo ya pembeni kuelekea katikati. Shamba la mashimo 256 lina nafasi finyu zaidi kuliko la 64, nalo hudai ishara bora kwa desibeli 6 hivi.

Kipimo cha pili ni makosa yaliyosahihishwa. Mwaka 1960 Irving Reed na Gustave Solomon walichapisha njia ya kuongeza tarakimu za ziada katika ujumbe ili makosa ya njiani yaweze kurekebishwa na mpokeaji. Katika mfumo wa kebo wa Ulaya ujulikanao kama DVB-C, kila fungu la baiti 188 hupewa 16 za ziada, na kipokezi kinaweza kurekebisha hadi baiti 8 zilizoharibika. Kinaporekebisha, kinajua kwamba kimerekebisha. Kinachohitajika ni kuhesabu. Hesabu ikipanda leo kuliko jana, na picha ikiwa bado safi, mtandao unaugua na hakuna aliyelia.

Tena vipokezi vya mtandao wa intaneti upitao katika kebo hizohizo hujirekebisha kwa ajili ya mwangwi wa ishara ndani ya waya, na marekebisho hayo yanaweza kusomwa kutoka kituo kikuu. Mwangwi unaochelewa kwa mikrosekunde moja, katika waya ambamo ishara huenda kwa asilimia 87 ya mwendo wa mwanga, unaonyesha kwamba viungo viwili vibovu vimeachana kwa mita 130 hivi. Fundi hutumwa penye nguzo hasa, kabla mteja hajapiga simu.

HOJA NA MAJIBU

Hivyo ndivyo hali ilivyo: kila kipokezi kilicho nyumbani ni maabara ndogo inayopima saa zote bila kukatisha chochote. Lakini maabara hiyo humtumikia mwenye mtambo. Mteja, ambaye umeme wake ndio unaoiendesha, mara nyingi haoni namba zake ila kwa kuchimbua ukurasa uliofichwa.

Wapo watakaosema kwamba namba zitawachanganya watu. Hoja hii ingeweza kutolewa vilevile juu ya mita ya umeme na mita ya maji. Mwananchi hahitaji kuijua nadharia ya Nyquist ili aone kwamba alama iliyokuwa kijani imekuwa nyekundu tangu mvua ya juzi. Wapo watakaosema kwamba gharama itapanda. Lakini kipokezi hakiwezi kufanya kazi bila kufanya hesabu hizi. Kinachoombwa ni kuzionyesha tu. Wengine watauliza kuhusu siri za wateja. Swali hili ni la haki. Jibu ni kwamba ubora wa ishara unaweza kuandikwa bila kuandika nani alitazama nini, na sheria haina budi kutenganisha mambo hayo mawili kwa ukali.

Hoja nzito kuliko zote ni ya wahandisi wenyewe: kwamba vipimo visivyokatisha ni vya makadirio, na vingine, kama ilivyoelezwa, havifiki pote. Hoja hii ni kweli. Mtambo mpya unapokabidhiwa, na ubishi mkubwa unapotokea, kipimo cha kuzima bado kina nafasi yake. Lakini makadirio ya kila saa, yaliyofanywa joto likiwa kali na mvua ikinyesha, yana thamani kuliko usahihi wa mara mbili kwa mwaka. Yule wa kwanza huuona ugonjwa ukianza. Huyu wa pili huandika cheti.

Kwa hiyo mambo matatu yanastahili kudaiwa popote penye mitandao hii, ikiwa ni pamoja na miji ya Afrika Mashariki ambamo kebo zimeingia. La kwanza, kila kipokezi kionyeshe kwa lugha nyepesi ubora wa ishara na hesabu ya makosa yaliyosahihishwa. La pili, mamlaka zinazosimamia mawasiliano zidai kumbukumbu za mfululizo badala ya cheti cha siku moja, na ziulize habari za saa mbaya kuliko zote. Wastani husitiri mengi. La tatu, fundi afundishwe kusoma kabla ya kugusa bisibisi.

WAJIBU WA SHULE

Madai hayo hayatapata watetezi kama shule hazitafundisha maana ya kipimo. Wanafunzi wengi hutoka kidato cha nne wakidhani kwamba kosa ni aibu ya kufichwa. Somo la kelele linafundisha kinyume chake: kosa likihesabiwa kwa uaminifu ni habari, na pengine ni habari ya thamani kuliko ile iliyokusudiwa.

Vifaa vya kuanzia havina gharama. Redio ya mawimbi ya kati, ikielekezwa mahali pasipo na kituo, hutoa sauti ya mvumo. Darasa liulize sauti hiyo imetoka wapi, na kwa nini huongezeka taa fulani zikiwashwa. Mwanafunzi mmoja aandike tarakimu 3, 7, 1 na 9, kisha tarakimu ya mwisho ya jumla yake, yaani 0. Karatasi ipite mikononi mwa wengine, na mmoja aibadili 7 kuwa 5 kwa siri. Mpokeaji akijumlisha atapata 18, na 8 si 0. Amejua kwamba kosa limeingia, bila kumrudia mwandishi na bila kusimamisha karatasi nyingine zinazofuata. Kutoka hapo mpaka kwa Reed na Solomon njia ni ndefu, lakini ni njia ileile.

Mwanafunzi aliyeyapitia hayo hataridhika siku atakapoambiwa na mwenye mtambo kwamba huduma ni njema kwa kuwa picha inaonekana. Atauliza imepimwa lini, saa ngapi, na mahali gani. Maswali hayo matatu, yakiulizwa na wengi, yatautunza mtandao kuliko bisibisi elfu.